Neno la Sokoni Ukutani mwa Kanisa

Makala haya yametokana na barua. Mwanafunzi mmoja niliyemfundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Uganda alipata nafasi ya kwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Padova, kaskazini mwa Italia, nacho ni chuo cha zamani sana, kilichoanzishwa mwaka 1222. Mwezi wa Machi aliniletea barua ya kurasa nne. Walimu wenzangu watanisamehe nikianza na habari za mtu mmoja katika makala ya historia. Lakini mambo aliyoyaona ni ya historia, na swali aliloniuliza latuhusu sote tunaoifundisha lugha hii mbali na pwani.

Yafaa kwanza niseme alikuwa kijana wa namna gani. Alipokuwa kidato cha tatu alisimama darasani siku moja akasema, "Mwalimu, Kiswahili ni lugha ya sokoni. Kimeokota neno hapa na neno pale, kama mtu anayenunua nyanya." Darasa zima likacheka. Nilimjibu, lakini jibu langu halikumridhisha yeye, wala halikuniridhisha mimi.

Kijana yule hakuyabuni maneno yake. Alikuwa akirudia, bila kujua, hoja zenye umri mkubwa kuliko babu yake. Mwaka 1927 Gavana W. F. Gowers alipopendekeza Kiswahili kitiwe nguvu katika elimu na utawala wa Uganda, upinzani ulitoka mahali penye heshima kubwa: kwa maaskofu wa makanisa, na kwa Kabaka Daudi Chwa, aliyetoa andiko lake la kupinga mwaka 1929. Baadhi ya sababu zao hazikuwa za kupuuzwa. Waganda walihofu kumezwa na siasa za walowezi wa Kenya, na lugha yao ilikwisha kuwa na vitabu na shule. Lakini pamoja na hofu hiyo lilikuwako wazo jingine, kwamba Kiswahili ni lugha ya misafara na ya Uislamu, na kwamba mahali pake si kanisani. Baadaye ikaongezeka dharau iliyotokana na kambi za askari. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hata hivyo, mwalimu anayeingia darasani leo bado hukutana na kicheko kile kile.

Sasa tumfuate kijana wetu. Kutoka Padova hadi Venice ni safari ya karibu nusu saa kwa gari la moshi. Jumamosi moja alikwenda huko na ramani mfukoni, akiwa na nia ya kuona kanisa la Mtakatifu Marko na soko la Rialto, kisha arudi kabla ya usiku. Venice ni mji uliojengwa juu ya visiwa vya matope, na majumba yake yamesimama juu ya magogo yaliyokitwa chini ya maji. Barabara zake ni mifereji. Mji wa namna hiyo hauwezi kulima ngano wala kufuga ng'ombe. Ulikula kwa biashara, na kwa biashara ukajenga makanisa yake. Hata mwili wa mtakatifu wake mlinzi ulifika kama shehena.

Kisa chenyewe, kwa mujibu wa mapokeo ya Venice, ni hiki. Mwaka 828 wafanyabiashara wawili, Buono wa Malamocco na Rustico wa Torcello, walikuwa wametia nanga Iskanderia, nchini Misri. Mwili wa Mtakatifu Marko Mwinjili ulikuwa umehifadhiwa huko, kwa maana Wakristo wa Misri huamini kwamba ndiye aliyelianzisha kanisa lao. Wageni wale wakala njama na walinzi wa kaburi, wakauchukua mwili, wakautia kapuni, wakaufunika kwa majani na nyama ya nguruwe. Maofisa wa forodha, ambao walikuwa Waislamu, walipofunua kapu na kuiona nyama ile, walirudi nyuma kwa chukizo huku wakipiga kelele, na mzigo ukapita bila kupekuliwa. Watu wa Venice hawakuona haya kwa wizi huo. Walijenga kanisa mara moja. Hili lililopo leo lilianza kujengwa mnamo 1063 na kutabarukiwa mwaka 1094, na hadi mwaka 1807 halikuwa kanisa la askofu, bali la Doge, mkuu wa dola ile.

Ndani yake kuta na kuba zimefunikwa kwa picha zilizoundwa kwa vipande vidogo sana vya kioo na jiwe, vingi vikiwa vya rangi ya dhahabu, eneo lipatalo zaidi ya mita za mraba 8,000. Upande wa kulia wa altare kuna kikanisa cha Mtakatifu Klementi, na hapo, katika picha za karne ya 12, wizi wa Iskanderia umesimuliwa hatua kwa hatua. Maofisa wa forodha wamevaa vilemba. Kapu liko. Na juu yake kuna maandishi ya Kilatini yanayoeleza kwamba hawa wanamwiba Marko, na wale wanapiga kelele, "Kanzir!"

Nainukuu barua: "Mwalimu, nililisoma neno hilo mara tatu. Maneno yote yanayolizunguka ni Kilatini, nami Kilatini sijui. Lakini hilo moja nililijua. Ni hinziri."

Ndilo hasa. Kiarabu husema khinzir, nasi katika Kiswahili tunalo hinziri, ambalo wazee wa pwani hulitumia kumtaja nguruwe na, nasikitika kusema, kumtukana mtu. Fundi wa Venice aliisikia sauti ya kh kama k, akaiandika hivyo. Angeweza kutumia neno la Kilatini, kwa kuwa Kilatini hakikosi jina la nguruwe. Alichagua neno la Kiarabu kwa sababu ndilo lililosikika gatini, na kwa sababu alijua kwamba waumini watakaoinua macho walikwisha kufika Iskanderia wenyewe, au walikuwa na ndugu aliyefika. Neno la sokoni likapandishwa juu ya dhahabu, karibu na altare, na hadi leo lipo.

Hapa naomba tusiende kwa pupa. Nisingependa mwalimu yeyote alitumie tukio hili kuwa ushahidi wa upendano kati ya dini na mataifa. Picha ile ni ya wizi, na neno lile limewekwa vinywani mwa watu waliodanganywa ili wachekwe. Karne nyingi baadaye, katika karne ya 17, kisa hicho hicho kiliwekwa tena nje ya kanisa, juu ya mlango, na kule maofisa wanachorwa wakijikunyata kwa chukizo mbele ya watu wote waingiao. Lugha huweza kuazima neno kwa mtu inayemdhihaki. Sisi wenyewe tuna maneno tuliyoyapokea kutoka kwa watu ambao babu zetu hawakuwa na sababu ya kuwashukuru. Ninachokisema ni kidogo zaidi ya hicho: kuazima hakukuifanya lugha ya Venice kuwa takataka, wala hakuna aliyelifuta neno lile ati kwa kuwa lanuka soko.

Kutoka kanisa la Marko hadi Rialto ni mwendo wa kama robo saa kwa miguu, katika vichochoro ambamo watu wawili wenye mizigo hupishana kwa shida. Daraja la mawe la Rialto lilijengwa kati ya mwaka 1588 na 1591. Ukilivuka unaingia sokoni, na kitu cha kwanza kukutana nacho ni kanisa: San Giacomo, kanisa dogo lenye saa kubwa usoni. Mapokeo husema lilianzishwa mwaka 421, siku ile ile mji ulipozaliwa. Wanahistoria hawakubali jambo hilo, nao wana haki, kwa sababu jengo lenyewe ni la karne za baadaye sana. Lakini lilinusurika moto wa mwaka 1514 ulioteketeza karibu soko zima, na hilo peke yake latosha kuwafanya wauzaji walipende.

Nyuma ya kanisa hilo, upande wa nje unaoelekea vibanda, kuna msalaba wa jiwe na maandishi ya kale. Kijana wetu hakuweza kuyasoma. Mama mmoja muuza mboga ndiye aliyemweleza, akionyesha kwa kisu chake cha kukatia mboga. Maandishi yanawaambia wafanyabiashara kwamba kandokando ya hekalu hili sheria ya kununua na kuuza iwe ya haki, mizani isipindwe, na mapatano yasiwe ya hila. Nayapenda sana maandishi hayo. Hayakuwekwa ndani ambako wasali huketi. Yaliwekwa nje, mahali ambapo mtu aliyeshika mizani angeyaona.

Hatua chache mbele ni soko la samaki. Ukuta wa hapo una bamba la marumaru linaloonyesha samaki wadogo kabisa wanaoruhusiwa kuuzwa: sardini wasipungue sentimita 7, mkunga 25, chaza 5, kome 3. Sisi tuishio kando ya Ziwa Viktoria, wenye sheria ya sangara wa sentimita 50 na wenye kujua jinsi inavyovunjwa kila alfajiri, tutaelewa kwa nini watu wa Venice waliona karatasi haitoshi, wakaandika juu ya jiwe. Wauzaji wa soko hilo sasa wamepungua sana, kwa sababu wakazi wa mji wenyewe wamepungua na watalii hawanunui samaki wabichi.

Baada ya kuliona neno la kanisani, kijana alianza kuyawinda mengine. Hapo ndipo barua yake inapokuwa ndefu, na hapo ndipo mimi mwenyewe nilipotafuta kamusi. Katika duka la viungo alikuta garofano, akanusa, akajua ni karafuu. Majina haya mawili ni ndugu. Wayunani waliita karyophyllon. Neno hilo likapita kwa Walatini likawa garofano la Kiitaliano, na kwa Waarabu likawa qaranful, ambalo ndilo lililozaa karafuu yetu. Tusisahau hapa jambo moja la tarehe. Karafuu zilizouzwa Rialto katika karne za kati zilitoka visiwa vya Maluku, mbali sana mashariki, zikapitia Iskanderia au Beiruti. Unguja na Pemba hazikupanda mikarafuu hadi mwanzo wa karne ya 19. Kwa hiyo soko la Venice lilinukia karafuu mamia ya miaka kabla ya Zanzibar.

Jirani na karafuu alikuta zafferano, yaani zafarani, na zucchero, yaani sukari. Ghala Waitaliano huliita magazzino, kutoka Kiarabu makhazin. Mzizi wake ndio uliotupa sisi hazina. Nyumba ya forodha ni dogana. Jengo la dogana ya baharini, lililojengwa kati ya mwaka 1677 na 1682, limesimama kwenye ncha ya nchi kavu ambapo mfereji mkuu unakutana na bahari, bega kwa bega na kanisa kubwa la Salute ambalo mji uliahidi kulijenga wakati wa tauni ya mwaka 1630. Neno dogana latokana na diwan, lile lile tunaloliita diwani. Kwa Waarabu lilikuwa daftari, kisha ofisi, kisha baraza. Kwetu likawa mshauri wa mji, na zamani jina la wakuu wa Mrima, na pia kitabu cha mashairi ya mtu mmoja. Kwao likabaki mahali pa kulipia ushuru. Neno moja, majaaliwa mbalimbali.

Lililonifurahisha kuliko yote ni tariffa. Kwa Kiitaliano cha leo ni bei au ushuru uliopangwa. Lakini asili yake ni ta'rifa ya Kiarabu, maana yake kujulisha, nasi twaitumia kila siku: taarifa ya habari, taarifa ya mkutano. Kuna kitabu cha wafanyabiashara wa Venice cha karne ya 14 ambacho jina lake laeleza wazi kwamba ni tarifa, yaani habari, za mizani na vipimo vya nchi mbalimbali. Hapo neno bado lina maana yake ya kwanza, ambayo Kiswahili kimeitunza na Kiitaliano kimeiacha.

Sharti niseme pia mahali alipoteleza. Waarabu huiita Venice Al-Bunduqiyya, na kijana, akiwa na furaha ya mwindaji, aliniandikia kwamba bila shaka bunduki zetu zimepewa jina la mji huo. Ni rahisi kuamini, na wapo waliolisema. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba neno latokana na bunduq, punje ya mti fulani wenye kokwa, ambalo baadaye lilitumiwa kwa vijipira vilivyorushwa kwa upinde, na hatimaye kwa silaha yenye risasi. Jina la mji lafanana kwa sauti tu. Kufanana kwa sauti kumewapoteza watafiti wengi wa maneno, na walimu tusiwe wepesi wa kuandika ubaoni kila linalopendeza.

Swali lake lilikuwa hili: "Mwalimu, mbona hapa hakuna anayesema Kiitaliano ni lugha ya kuokoteza?" Nilikaa nalo siku kadhaa kabla ya kujibu. Hoja ya kwamba kila lugha huazima ni ya kweli, lakini ndiyo niliyompa alipokuwa kidato cha tatu, na haikutosha. Safari hii nilimwomba atazame neno linatendewa nini baada ya kufika. Waitaliano hawana jina lisilokuwa la kiume au la kike. Dogana ilipoingia ilipewa uke, ikavikwa viambishi vya kike, na tangu hapo inatii sarufi ya nyumba ile. Sisi tulipopokea qaranful tuliitia katika ngeli, karafuu hii, karafuu hizi. Kisha tukafanya jambo ambalo Mwarabu hawezi kulifanya, tukaipa mti wake: mkarafuu, mikarafuu. Taarifa tuliigeuza kitenzi, kuarifu likiwa jirani yake, na leo mtu akisema "hatukutaarifiwa" amelifunga neno moja la kigeni kwa kanusho, nafsi, wakati na kauli ya kutendwa, vyote vya Kibantu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni anakaa anapoonyeshwa. Kijana ambaye mama yake huongea Runyankore angepaswa kuiona nyumba hiyo upesi kuliko mtu yeyote, kwa sababu ngeli zile ni za kwao pia. Kosa la kutomwonyesha lilikuwa langu.

Aliporudi Padova aligundua kwamba alikuwa akipita kila siku mbele ya jambo lililo karibu na hili. Katikati ya mji huo kuna jumba kubwa la mahakama la karne ya 13, na chini yake ni soko. Pembeni mwa jumba, palipoitwa pembe ya uongo kwa sababu ya ahadi za wachuuzi, vipimo vya zamani vimechongwa katika jiwe, ili mnunuzi aliyetiliwa shaka kipimo chake alinganishe mwenyewe. Ndani ya jumba kuna jiwe jeusi ambalo mtu aliyeshindwa kulipa deni alilazimika kuketi juu yake mbele ya watu, karibu uchi, akitangaza kwamba anaziacha mali zake. Tutaona ni ukatili. Lakini kabla ya hapo mdaiwa aliweza kuozea gerezani. Sheria ya Machi 1231 iliyompa njia ya kutoka ilipitishwa kwa maombi ya mtawa mmoja Mfransisko aliyekuwa mgonjwa na aliyefariki miezi mitatu baadaye. Ndiye Mtakatifu Antoni wa Padova, ambaye sanamu yake imo katika parokia nyingi za Uganda. Wakristo wetu humwomba awasaidie kupata vitu vilivyopotea. Wachache wameambiwa kwamba aliingia pia katika habari za soko na madeni.

Sisi nasi tuliwahi kuguswa na soko la Venice. Mwaka 1291 dola ile iliamuru tanuri za kioo zihamishiwe kisiwa cha Murano, na kutoka mafundi wa huko na wa mji wenyewe zilitoka, hasa katika karne ya 19, shanga nyingi sana zilizovuka bahari hadi Zanzibar. Richard Burton, aliyesafiri bara mwaka 1857 hadi 1859, aliandika kwa kirefu habari za shanga hizo, akitaja jinsi kila nchi ilivyokuwa na chaguo lake na jinsi msafara uliochukua rangi isiyotakiwa ulivyoweza kufa njaa. Zile nyekundu ziliitwa samesame. Wapagazi walizibeba mabegani hadi nchi za maziwa, na lugha iliyotumiwa kupatana bei njiani ilikuwa hiyo hiyo ambayo maaskofu waliikataa miaka sabini baadaye.

Ndani ya bahasha alikuwa ametia pakiti ndogo ya karafuu aliyoinunua Rialto. Nilipoifungua darasani niliwaandikia wanafunzi ubaoni garofano na karafuu, nikawapitishia pakiti dawati kwa dawati. Msichana mmoja wa nyuma aliigeuza, akasoma maandishi madogo ya chini, akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "imeandikwa zimetoka Madagaska."

Tukaichukua ramani.